Foleni ya Chungwa na Foleni ya Kijani

Mimi ni mtu wa kulewa bahari. Nimezaliwa Unguja, bibi mzaa mama alikuwa anakaa Mkoani, na kila skuli zikifungwa tulivushwa kwenda Pemba kumtazama. Safari ile nilianza kuiogopa tangu usiku wa kuamkia. Meli ikishaipita Nungwi na kuingia mkondoni, bahari inageuka kabisa: inakuja kwa ubavu, meli inalala upande, inasita, halafu inarudi taratibu kama mtu anayejigeuza kitandani. Mabaharia walikuwa wakipita katikati ya watu wakigawa mifuko ya plastiki bila kusema neno, na mimi nilikuwa nikiupokea wangu kwa mikono miwili. Bibi alinijua. Akishaniona nashuka gatini alikuwa tayari ana ndimu mkononi, ananikunia ganda lake puani hata kabla sijamwamkia.

Nayaeleza haya mwanzo ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyesimama Florida mwezi wa Disemba mwaka juzi, ana miaka 47, mbele ya foleni mbili, moja ina alama ya rangi ya chungwa na nyingine ya kijani, akiwa na ahadi aliyompa mwanawe.

Pale EPCOT, ndani ya viwanja vya burudani vya Walt Disney World karibu na Orlando, kuna mchezo unaitwa Mission: SPACE. Ulifunguliwa mwaka 2003. Mtu akisikia ni mashine ya kuigiza safari ya anga hudhani ni kiti kinachotikiswa mbele ya skrini, kama ile michezo mingine ambayo chumba kizima kinainamishwa mbele na nyuma kufuata filamu. Hii si hivyo. Ndani ya jengo mna mashine nne kubwa za kuzungusha, kila moja imefungwa vichumba kumi, na kila kichumba kinachukua watu wanne. Mashine ikiwashwa, vichumba vyote vinazunguka pamoja kama mapanga ya pangaboi. Hakuna dirisha, kwa hiyo aliyeko ndani haoni kama anazungushwa. Anachokiona ni skrini iliyosogezwa mpaka karibu na uso wake, na roketi inaondoka. Kichumba chenyewe kinajiinamisha kwa hesabu, ile nguvu inayomtupa mtu nje inamjia kifuani badala ya ubavuni, na mwili unaamini kabisa kwamba unaiacha ardhi. Uzito unaweza kufika karibu mara mbili na nusu ya ule wa kawaida. Mimi nina kilo 84. Maana yake kwa sekunde kadhaa naweza kulala kitini na kilo 210.

Hiyo ndiyo ya chungwa, nayo inakwenda Mirihi. Mwaka 2006 wakaongeza ya kijani, ambayo vichumba ni vile vile lakini mashine kubwa haizunguki. Unainuliwa na kuinamishwa tu. Tangu 2017 ya kijani ina filamu yake mwenyewe, ya kuizunguka dunia. Kwa ya chungwa mtoto lazima awe na urefu wa sentimita 112, kwa ya kijani 102.

Binti yangu alikuwa na miaka 12 na alikuwa ameshapita vipimo vyote viwili zamani. Tangu darasa la nne anapenda habari za sayari. Mwaka ule alinifuata jikoni, mimi nakaanga vitumbua, akaniambia: "Baba, kile chumba ni cha watu wanne. Kamanda, rubani, mwongoza njia na mhandisi. Nataka tuwe sisi tu. Mimi, kaka, wewe na Ami." Ami ni kaka yangu mkubwa, ambaye alikuwa anakuja kututembelea kutoka Muscat kwa mara ya kwanza tangu nihamie Marekani. Nikamwambia inshallah. Akaniuliza, "Inshallah ya ndiyo au inshallah ya hapana?" Nikamwambia ya ndiyo.

Kwa hiyo nikaanza kusoma. Nilisoma kwa woga, na ninashukuru nilisoma, kwa sababu nilikuwa na fikra moja ambayo ilikuwa kinyume. Nilidhani dawa ya kigegezi ni kufumba macho. Kwenye ile michezo ya kawaida ya skrini, ni kweli: macho yanaona unakwenda mbio, masikio yanasema umekaa, ugomvi huo ndio unaochafua roho, na ukifumba macho ugomvi unakwisha. Lakini kwenye mashine inayozungusha kwelikweli mambo yanageuka. Hapo mwili ndio unaokwenda, na skrini ndiyo inayoupa maelezo. Ukifumba macho umeondoa maelezo umebaki na mzunguko mtupu. Ndiyo maana wahudumu wanakariri kila mara: kichwa kiegemee kitini, macho wazi, tazama mbele, usigeuke. Nilikuja kuyakumbuka maneno haya baadaye nikiwa nimechelewa.

Nilisoma pia mambo mazito zaidi. Juni 2005 mtoto wa miaka minne alifariki baada ya kupanda mchezo huu, na uchunguzi ukaonyesha alikuwa na ugonjwa wa moyo ambao wazazi wake hawakuujua. Aprili 2006 mama mmoja wa miaka 49, mgeni kutoka Ujerumani, naye alifariki. Alivuja damu kwenye ubongo, na ikaonekana alikuwa na presha ya muda mrefu. Nilifunga simu nikakaa kimya. Watu wasiohesabika wamepanda mashine ile wakashuka wanacheka, najua. Lakini hawa wawili walikuwa na jambo mwilini kabla hawajafika foleni, na foleni haikuwauliza. Kibao kilichoko mlangoni kinasema: usipande kama una presha, kama una moyo, mgongo au shingo mbovu, kama una mimba, kama unalewa ukizungushwa, kama huwezi kukaa kwenye chumba kidogo chenye giza. Kibao kinasema, lakini hakikupimi. Kinategemea wewe mwenyewe unajijua, na ukijijua, utathubutu kusema mbele za watu uliokuja nao.

Mimi presha sina. Nilikwenda kupimwa wiki ile ile, si kwa sababu ya Mirihi tu bali kwa sababu umri wenyewe unataka, na nikaambiwa niko vizuri. Kwa hiyo upande wangu suala lilikuwa kichefuchefu, na kichefuchefu hakiui. Nilinunua vidonge vya wasafiri. Hivi ni vya kumeza kabla, nusu saa mpaka saa moja, kwa sababu ukishaanza kuchafukwa roho vimeshachelewa. Na vinaleta usingizi, ambayo ni hasara kwa mtu anayetembea juani siku nzima na watoto. Anayetumia dawa nyingine amuulize mfamasia kwanza.

Kaka akafika.

Niseme kidogo juu yake. Ana miaka 62. Baba yetu alipofariki mimi nilikuwa darasa la tano, na yeye ndiye aliyekwenda Muscat kuendesha gari la watu ili mimi na dada zangu tusome. Viatu vyangu vyote vya skuli vilitoka mkononi mwake. Mpaka leo siwezi kukaa kwenye kiti cha juu yeye akiwa amekaa chini, na siwezi kumpinga mbele ya watoto. Nikitaka kumpinga nangoja tuwe wawili, na hata hapo naanza mbali. Watoto wangu waliozaliwa huku wanampenda kwa namna ya peke yake, kwa sababu anawasimulia hadithi na hachoki kuulizwa. Binti alipomwonyesha picha za mchezo kwenye simu, alisema pale pale: "Mimi nitakuwa mhandisi. Tangu ujana natengeneza magari."

Tuliondoka Atlanta alfajiri, kama saa saba za barabara mpaka Orlando, tuna chapati na maharage kwenye mkoba. Tulifika jioni, tukalala. Asubuhi niliingia bafuni kutia udhu, na juu ya sinki, nyuma ya dawa ya meno, palikuwa na kikaratasi cha vidonge. Nusu yake kimetumika. Nilikisoma jina. Mama mkwe wangu anameza vidonge hivyo hivyo, kwa hiyo sikuhitaji kuuliza ni vya nini.

Nilisimama pale maji yanamwagika. Kaka hakuwahi kutuambia. Si mimi, si dada zake, na naamini hata mkewe alikuwa anajua nusu. Nilimwelewa pia. Kwetu mtu mzima akisema ana presha, kesho yake simu zinapigwa kutoka Unguja, Dar na Muscat, kila mtu ana dawa yake ya mizizi, na yule aliyekuwa anatuma pesa anageuka kuwa mtu wa kuhurumiwa. Yeye hakulelewa kuhurumiwa. Alilelewa kubeba. Lakini mimi nilikuwa nimeshasoma habari ya yule mama wa Ujerumani, na sikuweza kuisahau.

Nilikirudisha kikaratasi vile vile kilivyokuwa. Nilifunga bomba.

Njia nzima kutoka hotelini mpaka getini nilikuwa natafuta maneno. Kumwambia "Kaka nimeona dawa zako" ilikuwa kumvua nguo. Kumwambia mke wangu amwambie ilikuwa vibaya zaidi, shemeji hawezi kuyagusa mambo hayo. Kuacha kibao kiseme chenyewe? Kaka anasoma Kiarabu na Kiswahili. Kiingereza chake ni cha barabarani, na kibao kile kina maneno mengi madogo. Na hata angekisoma, binti alikuwa amemshika mkono, anamwita Mhandisi tangu tulipoegesha gari.

Tulifika mahali ambapo foleni zinagawanyika. Kuna kijana pale anauliza, chungwa au kijani? Binti akasema chungwa kabla sijafungua mdomo. Kaka akawa anamfuata. Hapo nikamshika kaka mkono, nikasema kwa sauti ambayo kila mtu wetu aliisikia:

"Kaka, nisamehe. Mimi hii ya kuzungushwa siiwezi. Unanikumbuka kwenye meli. Twende wote ile ya kijani, usiniache peke yangu."

Aliniangalia. Mkononi ana pete ya akiki ya marehemu baba, na nilihisi pete ile inanibana kidoleni kwa sababu alinishika kwa nguvu zaidi kuliko nilivyomshika mimi. Halafu akamgeukia binti, akamwambia taratibu: "Mama, mdogo wangu anaogopa. Siwezi kumwacha. Wewe nenda na kaka yako, mkatutazamie njia."

Uso wa mwanangu niliuona. Hakulia, ni mkubwa sasa. Alisema tu, "Lakini ulisema ya ndiyo." Halafu akamfuata kaka yake, na mgongo wake ukapotea kwenye kona. Wakati ule sikuweza kumweleza. Ilinibidi nikubali kuwa baba aliyevunja ahadi kwa woga, walau kwa saa kadhaa, na nitasema kweli, iliniuma zaidi kuliko nilivyotegemea.

Ya kijani ilikuwa nzuri. Sitaki mtu adhani ni ya kufariji waoga. Mlango ulifungwa, skrini ikasogea, kiti kikainuka mpaka tumelala tunatazama juu, na roketi ilipoondoka kichumba kilitetemeka hata nikahisi meno. Lakini ukitikiswa hivyo mwili haulemewi kama unapozungushwa. Dunia ilipotokea, ile buluu yake, kaka alisema "Subhanallah" kwa sauti ndogo, na akasahau kubonyeza kitufe chake cha mhandisi. Nilimbonyezea mimi.

Tulipotoka tulikaa kwenye benchi kuwangoja watoto. Mke wangu alikwenda kununua maji. Kaka alikuwa anatazama lile tufe kubwa la rangi ya fedha la EPCOT, akasema bila kunigeukia:

"Uliviona vidonge."

"Niliviona, kaka."

"Ulirudisha vibaya. Mimi huweka maandishi juu."

Tukanyamaza kidogo. Halafu akanieleza. Kwamba ni miaka minne sasa. Kwamba siku moja Muscat, mwezi wa Julai, alikuwa anabadilisha tairi, akainuka ghafla na upande wa kulia wa dunia ukawa hauonekani. Akakaa chini barabarani, akangoja, ukarudi. Hospitali walimpima wakamwambia namba ambayo hakuitaja hata kwangu. Walimpa dawa. Anameza akikumbuka, anaacha akijisikia vizuri, kwa sababu, alisema, "mtu akiwa mzima anamezea nini?" Hilo nilimjibu, kwa heshima lakini nilimjibu. Nilimwambia anajisikia mzima kwa sababu anameza. Nilimwambia presha haina maumivu ya kumkumbusha mtu, na lile jambo la barabarani lilikuwa ni kubishiwa hodi. Na nikamweleza habari ya yule mama wa miaka 49. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja: "Na hao waliokuja naye, walikuwa wanajua?" Nikamwambia hilo sijui. Akatikisa kichwa.

Watoto walitoka wanakimbia. Kijana wangu amekuwa mweupe midomo lakini anajikaza, binti anang'ara. Alianza kutusimulia yote kwa pamoja, kidole kimoja anajigandamiza kifua kuonyesha uzito. Halafu akakumbuka kuwa amenikasirikia, akanyamaza katikati ya sentensi.

Kaka ndiye aliyemaliza. Alimwita akae karibu naye, akamwambia, mbele yangu na mama yake: "Baba yako hakuogopa. Mimi nina presha. Mashine ile hainifai, na yeye hakutaka kuniaibisha." Kwa Kiswahili, polepole, mpaka alipohakikisha ameelewa. Sikuwa nimemwomba. Binti alimtazama muda, halafu akauliza swali la kitoto na la kikubwa kwa pamoja: "Kwa nini ni aibu?" Kaka hakujibu. Alimshika kichwa tu.

Basi jioni nilipanda. Ahadi ilikuwa imebaki, na sababu ya kuivunja ilikuwa imeshasemwa. Nilifikiri vizuri: presha sina, moyo sina, mgongo mzima, chumba kidogo hakinisumbui. Kinachonisubiri ni kigegezi, nacho nakijua tangu utotoni. Saa kumi nilikuwa nimekula kidogo, mkate na ndizi, kwa sababu tumbo tupu ni baya kama tumbo lililojaa. Nilimeza kidonge nikatazama saa. Kijana wangu alisema yeye basi, moja imemtosha, na nilifurahi sana kumsikia akilisema hilo waziwazi bila kutafuta kisingizio. Tukaingia mimi na binti, na wageni wawili wakajazia.

Mbele yangu palikuwa na mifuko ya kutapikia imepangwa vizuri. Niliigusa mmoja. Nikamkumbuka bibi.

Roketi ilipoondoka nilielewa kwa nini watu wanarudia. Hakuna kinachofanana nayo. Uzito haukuja ghafla, ulimwagwa juu yangu kama mchanga, kuanzia kifuani, mashavu yakarudi nyuma masikioni. Nilijaribu kuinua mkono kubonyeza kitufe na mkono ukawa ni wa mtu mwingine. Pumzi ilinibidi niivute kwa makusudi. Nikawa natazama mbele, nyota moja kwenye skrini, kama nilivyoambiwa. Halafu injini zikazimwa. Hapo ndipo palipo na ujanja wote: mashine inapunguza mwendo, uzito unarudi kuwa wa kawaida, na kwa sababu umetoka kwenye kilo mia mbili, ule wa kawaida unauhisi kama si kitu. Unaelea. Mwili mzima ulikuwa mwepesi, na roho safi kabisa, nikajisemea Alhamdulillah, nimeshinda.

Tulipokuwa tunauzunguka mwezi, binti alicheka. Kicheko ambacho sijakisikia tangu ana miaka mitano. Nilitaka kumwona. Viti vile vina mbawa pembeni, huwezi kumwona jirani mpaka utoe kichwa, na mimi nikatoa kichwa, nikageuka kulia.

Pengine ilikuwa sekunde moja. Uso wake niliuona. Halafu kichumba kizima kikapinduka, au ndivyo nilivyohisi, kama mtu ameivuta dunia kwa pembe kutoka chini yangu.

Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu midogo ya maji, kila mmoja umeelekea upande wake. Ukizungushwa kwa mwendo ule ule, maji yanatulia na mwili unasahau kuwa unazunguka. Ndiyo maana skrini inafaulu kukudanganya. Ukigeuza kichwa wakati huo, mifereji inabadilisha nafasi kwenye ule mzunguko, maji yanashtuka, na ubongo unapewa taarifa ya anguko ambalo halipo. Kidonge hakifui dafu hapo. Nilirudisha kichwa kitini, nikashika mfuko, nikatazama mbele, na sehemu yote ya kutua Mirihi niliipita nimeuma meno. Sikutapika. Lakini nilipotoka sakafu ilikuwa inalala upande, inasita, inarudi. Mkondo wa Nungwi, ndani ya Florida.

Ulinikaa mpaka asubuhi ya pili. Hilo watu hawalisemi sana: mchezo wenyewe ni kama dakika nne au tano, lakini anayeshikwa anaweza kuulipia siku nzima. Usiku sikula, sikuweza kulalia ubavu wa kulia, na asubuhi nilimwachia mke wangu usukani kwa sababu nisingejiamini barabarani. Binti alijisikia vibaya akidhani ni yeye. Nilimwambia niligeuka mwenyewe, na nilichokiona nilikitaka.

Anayeuliza kama apande, siwezi kumjibu kwa ujumla. Kijana wangu ana miaka 15 na afya ya ng'ombe, na moja ilimtosha. Binti alipanda mara mbili na angepanda ya tatu. Ningekuwa na mtu wa presha, wa moyo, au mjamzito, nisingekaa hata kulijadili, ya chungwa asingepanda, na hata kwa ya kijani ningesoma kibao chake kwanza. Ningekuwa na mtoto aliyefika kimo lakini anasitasita, nisingemsukuma. Kimo ni cha mfupa tu. Na mtu wa kulewa kama mimi aanze na ya kijani asubuhi, aone, na nyingine aiache ya mwisho wa siku, ili ikimshika isimwibie siku nzima ya watoto wake. Mpaka mlango unapofungwa mtu anaweza kugeuza nia, wahudumu wanakutoa bila maneno. Nimemwona baba mmoja, mtu mkubwa wa kimo na misuli, akiinua mkono kwenye chumba cha mwisho kabisa na kutolewa. Wanawe walimpungia. Nilimheshimu.

Njiani kurudi tulisimama kwenye supamaketi ndogo, bado tuko Florida, mimi nikitafuta tangawizi. Karibu na dirisha la dawa palikuwa na kiti chenye mashine ya presha, zile za bure, unaingiza mkono kwenye duara mashine inakubana yenyewe. Sikusema kitu. Nilikuwa bado nimeshika rafu kwa kizunguzungu.

Kaka alikitazama kile kiti. Akavua saa, akaivua na ile pete, akampa binti amshikie. Akakaa. Binti akasoma maelekezo kwenye kioo, akamtafsiria: "Ami, miguu chini, usizungumze, usitikisike." Kaka akaweka miguu sawasawa, akaegemea, akatazama mbele. Mashine ikaanza kuvuma na kumbana mkono. Kijana wangu akasogea, mke wangu akasogea na tangawizi mkononi, tukawa tumemzunguka sote, na namba zinapanda, zinasita, zinashuka.

Zilipotulia binti akazisoma kwa sauti, 158 kwa 96, akanitazama mimi kama ni nzuri au mbaya.

"Ziandike," kaka akamwambia. "Na tarehe."